Kazi yako inamfikia nani? Mwongozo wa kupunguza kuzuga, kutoka mwisho wa reli

Kwetu Kigoma, mwisho wa reli kando ya Ziwa Tanganyika, mtu akikuuliza "kazi vipi?" unajibu "tunasukuma", na kwa salamu jibu hilo linatosha. Shida inakuja jioni, uko kwenye bajaji unapanda Mwanga, ukijiuliza leo umesukuma nini na kimefika wapi. Siku ilijaa kweli. Umechoka, simu imeisha chaji, na bado huoni kitu cha kukinyooshea kidole.

Nimeandika haya kwa ajili ya karani, mwalimu, muuguzi, afisa wa mradi na mwenye duka. Sitakwambia uache kazi ukafuate ndoto zako. Kwenye mji ambao nafasi za ajira ni za kuhesabu, huo ni ushauri wa watu walioshiba. Ninachoamini ni kwamba maana ya kazi utaiona ukiifuata kazi yako kwa miguu mpaka kwa mtu anayeipokea. Ukimkuta huko, kazi ina maana hata kama inachosha. Usipomkuta yeyote, basi unatwanga maji kwenye kinu, na posho haibadilishi hilo.

Hatua ya 1: Andika siku yako ilivyo

Tafuta daftari dogo, utembee nalo wiki moja ya kazi. Kila ukibadilisha shughuli andika mstari mmoja: saa, ulichofanya, na nani anakihitaji. Usingoje jioni ndipo ukumbuke, maana jioni kila mtu alikuwa mchapakazi. Sehemu ya tatu, ya anayehitaji, usipolijua jibu lake iache wazi. Usibuni.

Ukurasa wa karani wa ofisi unaweza kuwa hivi:

Saa 1:30 – kusaini mahudhurio.
Saa 2:00 – kuhamisha mahudhurio ya jana kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta. Anayehitaji: ...
Saa 2:40 – mzee kutoka kijiji cha Kalinzi kafuata barua yake. Nimetafuta faili, nimempa.
Saa 3:00 – chai.
Saa 3:30 – kuchagua picha za ziara za kutuma kwenye grupu la WhatsApp. Anayehitaji: ...
Saa 4:30 – kikao cha kuandaa kikao cha Alhamisi.
Saa 6:00 – takwimu za robo mwaka, kuzitoa kwenye fomu moja kuziweka kwenye nyingine. Anayehitaji: mkoa?

Wengi wakisoma ukurasa kama huu wanacheka kwenye kile kikao. Mimi ningeweka kidole kwenye saa 2:40. Mzee kapanda gari alfajiri kufuata barua, kaipata, karudi kwake. Zile dakika chache ndizo peke yake zilizofika kwa mtu, na ndizo ambazo karani mwenyewe angeziita usumbufu, kwa kuwa zilimkatisha kwenye kompyuta.

Hatua ya 2: Fuata kila mstari mpaka mwisho wake

Baada ya wiki, kaa na daftari ujiulize kwa kila shughuli: nikiiacha kwa wiki mbili, nani atakuja kuniuliza, na atakuwa amekosa nini? Hayo ni maswali mawili. Kuna mtu atakuuliza kwa sababu kisanduku chake hakijatiwa tiki, na kuna mtu atakuuliza kwa sababu amekwama. Usiwachanganye.

Pale usipojua, nenda ukaulize. Nenda kwa miguu, meza kwa meza, na uulize kwa upole: "Dada, samahani, ile taarifa ninayokuletea kila Ijumaa, ikitoka kwako inakwenda wapi?" Akisema anaiunganisha na za wenzako na kuipeleka juu, muulize inapokelewa na nani, kisha umpigie huyo naye. Ukipita meza tatu bila kukutana na mtu anayeamua jambo lolote kwa kutumia karatasi yako, weka alama ya msalaba kwenye mstari huo. Ukimkuta anayeamua, andika cheo chake pale palipokuwa wazi. Utashangaa mara nyingine. Kuna taarifa ambayo kila mtu ofisini anaidharau, kumbe huko mbele ndiyo inayopanga gari la chanjo liende kijiji gani kwanza.

Hatua ya 3: Tafuta anayemwaga mchanga

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kazi nyingi za bure hazionekani kuwa za bure. Zina jasho.

Shuka Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, asubuhi, baada ya mitumbwi kurudi, pale dagaa wanapoanikwa chini juu ya mchanga. Jua likishawakausha wanakusanywa, halafu inaanza kazi ya pili: kupepeta kwa ungo, kuchambua vijiwe, kupuliza, kupepeta tena. Kina mama wameinama, mgongo unauma, vumbi linaingia machoni. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayewaambia hawafanyi kazi. Lakini kazi hiyo ya pili isingekuwepo kama dagaa wangeanikwa juu ya chanja, ile meza ya miti iliyotandikwa wavu, yenye kimo cha kiuno. Huko juu hakuna mchanga wa kuondoa, upepo unapita juu na chini, wanakauka mapema, na wingu likitanda unafunika turubai haraka. Bei nayo inapanda, kwa sababu hakuna mnunuzi, wa Dar es Salaam wala wa ng'ambo ya ziwa, anayependa kutafuna mchanga.

Kwa hiyo ukiona shughuli inayojirudia kila siku na haiishi, usikimbilie kuifanya kwa kasi zaidi. Panda juu yake uone inazaliwa wapi. Karani anayeshinda akiwarudisha watu, "nenda kapige picha mbili za pasipoti, rudi na barua ya serikali ya mtaa", anachambua mchanga. Akibandika nje ya mlango orodha ya vinavyotakiwa, kwa herufi kubwa, pamoja na fomu moja iliyojazwa kama mfano, nusu ya foleni itaisha kabla haijaingia ndani. Mhasibu anayefukuzia risiti kila mwisho wa mwezi aangalie pesa ya safari inatolewa kwa utaratibu gani mwanzoni mwa mwezi. Mwenye duka anayehesabu upya deni la kila mteja kwa kichwa anahitaji daftari la madeni lenye saini ya mkopaji, basi.

Ila kabla hujamgusa anayemwaga mchanga, jua nani anakula kwa mchanga huo. Mama anayelipwa kwa kuchambua dagaa ana kila sababu ya kutoipenda chanja, na hakosei. Ofisini ni vilevile: kikao kisicho na ajenda kina posho, safari isiyo na kazi ina pesa ya kulala. Ukikata bila kufikiria huyo mtu atapata wapi kingine, umejitafutia adui, na kikao kitarudi kwa jina jipya.

Hatua ya 4: Usiwe mwepesi wa kuita kazi ya bure

Fikiria fundi anayepaka grisi injini za meli ambayo kesho yake inazamishwa kwa makusudi. Ukimwona leo utamwita mwehu. Hilo lilitokea katika ziwa letu hili. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa hapa na kuingia majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma, waliizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924 na kuikuta injini bado inafaa, na 1927 ikaanza safari tena. Ndiyo Liemba tunayoijua sote, iliyobeba bibi zetu na mahindi yao kwenda Kasanga, kusini mwa ziwa, na kurudi.

Zipo kazi za namna hiyo. Mlaji wake hajafika bado, au yuko mbali, na kwa sababu humwoni unadhani hayupo. Muuguzi wa zahanati anachoshwa na vitabu vya MTUHA, vya kuandikia takwimu za huduma za afya, na leja ya dawa. Namwelewa, ni vitabu vingi na mikono ni miwili. Lakini leja ikijazwa kwa kukisia, oda inayokwenda Bohari ya Dawa nayo inakuwa ya kukisia, na miezi michache baadaye kuna mama ataambiwa "dawa imeisha, kanunue nje". Hapo karatasi ina mtu mwishoni mwake. Cha kufanya ni kuijaza mara moja, siku ileile, badala ya kuirundika mpaka mwisho wa mwezi na kuipika usiku mmoja.

Andalio la somo liko katikati. Likinakiliwa la mwaka jana na kubadilishwa tarehe, linamngoja mthibiti ubora tu. Mwalimu akiongeza mistari miwili, jana wamekwama wapi na leo naanzia wapi, karatasi ileile inakuwa na mlaji: yeye mwenyewe saa ya kwanza, na mwalimu mwenzake atakayeshika darasa siku akiugua.

Hatua ya 5: Kata, ukianza na vyako

Anza na vile ulivyojianzishia mwenyewe bila kuagizwa na mtu. Ni vingi kuliko unavyodhani: jedwali la rangi tano, nakala ya nakala, kupanga rafu upya kila asubuhi wakati wateja wanaulizia vitu ambavyo huna. Hivi huna haja ya kumwomba mtu ruhusa.

Usiguse vinavyotakiwa na sheria. Risiti za mashine, kodi, michango ya hifadhi ya jamii na kumbukumbu za wagonjwa vinakera, na utavifanya.

Vilivyobaki ni vya bosi, na hapo ndipo watu wengi wanaharibu. Wanasimama kwenye kikao cha Jumatatu na kusema taarifa fulani haina maana. Aliyeianzisha amekaa palepale, mbele ya vijana wake. Unategemea ajibu nini? Mfuate peke yake, siku isiyo na mkaguzi wala mgeni, usimvizie akiwa anaelekea kula, na uende na pendekezo mkononi:

"Shikamoo mkuu. Naomba dakika mbili, kuna jambo nataka ushauri wako. Zile taarifa mbili za Ijumaa, ya kwetu na ya stoo, takwimu zake ni zilezile. Naomba kwa mwezi huu tu nikuletee karatasi moja yenye zote. Ukiona kuna kinachopungua, tunarudi kwenye utaratibu wa zamani."

Angalia yaliyomo. Hakuna aliyelaumiwa. Kuna muda maalumu wa majaribio, mlango wa kurudi uko wazi, na uamuzi umebaki kwake. Kama bosi ni mama, maneno ni hayohayo, badilisha tu salamu ifuate mnavyozoeana. Akikataa, shukuru, usubiri robo nyingine. Akikubali, hakikisha ile karatasi moja inamfikia Ijumaa ya kwanza kabla hajaiulizia, kwa sababu ikichelewa siku hiyo mjadala umekufa.

Msaada mwingine upo kwenye maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako, ikiwemo kazi unayotakiwa kuifanya. Watu huiweka karatasi hiyo chini ya godoro pamoja na vyeti. Itoe, uilinganishe na daftari lako. Sheria hiyohiyo inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Walio kwenye ngazi ya umeneja wana utaratibu tofauti. Nimeona kikao cha saa kumi na moja jioni kikihamia saa nne asubuhi mara tu saa za ziada zilipoanza kuandikwa kwenye fomu.

Mtumishi wa umma ana nafasi moja zaidi, nayo ni pale anapojaza malengo yake ya mwaka. Mfumo wa kupima utendaji zamani ulikuwa OPRAS, siku hizi ni PEPMIS. Usiandike "kuhudhuria vikao kumi na viwili". Andika "barua za wananchi kujibiwa ndani ya siku tano". Ukipimwa kwa vikao utatafuta vikao.

Hatua ya 6: Muda uliookoa upangie kazi mapema

Mwaka 1955 Mwingereza Cyril Northcote Parkinson aliandika kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliopo. Alitoa mfano wa jeshi la majini la nchi yake: kati ya 1914 na 1928 manowari kubwa zilipungua kutoka 62 hadi 20, lakini maofisa wa ofisini wanaozishughulikia wakaongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Meli zimepungua, makarani wanaandikiana barua.

Nawe ukiokoa saa mbili kwa siku na kuziacha wazi, zitajaa kufikia Jumatano, na kitakachozijaza ni simu. Grupu la ofisi ndilo baya zaidi. Mkuu anatuma tangazo, watu thelathini wanajibu "nimepokea mkuu", kila mmoja anafungua simu mara thelathini kuona nani kajibu. Lifungue mara mbili kwa siku. Jambo la haraka kweli, mkuu atapiga.

Kwa hiyo kabla hujakata chochote, andika pembeni muda wake unakwenda wapi: saa 4 hadi 6 nashughulikia majalada ya watu waliosubiri zaidi ya mwezi. Kama hakuna kazi kweli, pumzika bila kuigiza. Wavuvi wa dagaa wanategemea taa na giza. Mbalamwezi ikiwaka sana samaki hawafuati taa, na wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu na kulala. Sijaona mvuvi aliyekaa kwenye mtumbwi uliofungwa gatini ili tajiri amwone yuko kazini.

Hatua ya 7: Nenda ukamwone anayepokea

Mara moja kwa mwezi, nusu siku. Karani wa takwimu za afya aende zahanati moja akae benchi. Mhasibu wa chama cha kahawa apande Kalinzi siku ya malipo. Afisa wa mradi aende kijijini bila fulana ya mradi, na asipige picha hata moja. Uliza swali moja tu: "Kitu gani tunakuletea ambacho huwa kinachelewa, au kikifika hakikusaidii?" Andika jibu kama lilivyosemwa, usilipambe kwa lugha ya taarifa. Jibu hilo ndilo litakalokwambia nini cha kuongeza pale ulipopunguza.

Mwenye duka yeye anafuatwa. Weka daftari la waliokosa: kila mteja anayeulizia kitu usichokuwa nacho, andika. Ukitoka kununua mzigo, toka na daftari hilo.

Hatua ya 8: Ukikuta kazi yote ni kuzuga

Inatokea. Umefuata kila mstari na hakuna mtu mwishoni. Kwanza usijidharau: mshahara unaolipa ada ya watoto na dawa za mama una maana yake kamili, na anayekucheka hajawahi kukulipia. Tafuta ndani ya kazi hiyo kona moja yenye mtu, kama kumfundisha kijana wa mafunzo kwa vitendo au kuwaongoza wageni wanaopotea kwenye korido, uishike vizuri. Huku ukiishi nayo, andaa pa kwenda: akiba ya miezi mitatu hivi, na jaribio dogo la hiyo kazi nyingine jioni au Jumamosi, ukiwa bado unalipwa.

Siku ya kuondoka ikifika, fuata taratibu. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28, kwa maandishi, na aseme sababu na tarehe ya mwisho. Dai malipo ya likizo uliyoistahili na hukuichukua. Kabidhi mafaili kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili, ubaki na nakala yako. Cheti cha utumishi omba mapema, maana ni wajibu wa mwajiri kukupa, na kukifuatilia ukiwa umeshahama ni nauli nyingine.